Ugoko na Mteremko

Maumivu ya ugoko kwa mtu anayeanza kukimbia yana makao yake. Hukaa kwenye ukingo wa ndani wa muundi, theluthi ya chini, juu kidogo ya kifundo cha mguu, pale ambapo ngozi imelala juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga. Kidole gumba kikipitishwa ukingoni kutoka kifundoni kwenda juu hukuta eneo linalouma kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, wala si nukta moja. Siku za kwanza maumivu huja mwanzoni mwa mbio, hutulia mwili ukishapata moto, kisha hurudi jioni mtu akiwa ameketi. Yakipuuzwa hayatulii tena. Hudumu mbio nzima, na mwishowe humfuata mwenyewe mpaka sokoni.

Chanzo kimo ndani ya mfupa. Mguu unapotua chini katika mbio, mwili hupokea nguvu ya takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na muundi hupinda kwa kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Kilomita moja ya mwendo wa pole ina hatua zaidi ya elfu moja, kwa hiyo kupinda huko hurudiwa mara mamia kwa kila mguu. Mfupa hujibu kwa kujijenga upya. Seli za kubomoa hutangulia na kuondoa sehemu iliyochoka, ndipo seli za kujenga hufuata na kujaza mfupa mpya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Kwa muda fulani katikati, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza na wa pili wa mazoezi, muundi wa mkimbiaji mpya unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku aliyonunua raba. Zamani lawama yote ilitupiwa utando unaofunika mfupa, kwamba unavutwa na misuli ya shavu la mguu inayojishikiza hapo. Mvuto huo upo na unachangia, lakini wataalamu wengi sasa huutazama mfupa wenyewe kwanza.

Moyo na mapafu havisubiri mfupa. Baada ya wiki tatu hivi mtu aliyekuwa akihema kama mvukuto huanza kuongea huku anakimbia. Hujiona amepona uvivu, huongeza kilomita, na huongeza siku. Anaiongeza kazi wakati uleule ambao muundi uko katikati ya kubomolewa. Ndiyo maana maumivu haya hayampati mtu siku ya kwanza, na ndiyo maana wengi hushangaa kwamba yamekuja wakati mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Majeshi yaliujua mkasa huu kabla ya wakimbiaji wa burudani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba nyayo na kupata maumivu baada ya matembezi marefu, ingawa hakuna aliyeanguka wala kupigwa. Ilibidi eksirei igunduliwe mwaka 1895 ndipo ionekane, miaka miwili baadaye, kwamba mifupa ya nyayo hizo ilikuwa na nyufa. Ugoko una hadithi hiyohiyo. Kila mahali ambapo vijana waliokuwa wamekaa darasani hukusanywa na kukimbizwa alfajiri kwa wiki kadhaa mfululizo, wapo watakaochechemea. Mchakamchaka wa Jeshi la Kujenga Taifa ni mazoezi mazuri kwa aliyejiandaa miezi miwili kabla. Kwa aliyetoka moja kwa moja kwenye dawati, mguu hauna habari na ratiba.

Milima ya Usambara huongeza jambo jingine. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, umejikunja bondeni kama kitu kilichowekwa katika bakuli. Barabara ya kutoka Mombo, yapata kilomita 33 kupitia Soni, ndiyo inayouingia kutoka chini. Njia nyingine nyingi za kutoka mjini huanza kwa kupanda. Njia ya Magamba hupanda kuelekea msitu wa hifadhi ambao sehemu zake za juu hupita mita 2,000. Njia ya Irente nayo hupandisha kwanza, kisha humfikisha mtu kwenye ukingo wa mlima ambapo tambarare huonekana chini kabisa, vijiji vyake vikiwa kama punje. Mtumishi aliyehamishiwa Lushoto kutoka Dar es Salaam au Tanga, ambaye pengine daktari amemwambia ashushe presha kwa mazoezi, hufuata mojawapo ya njia hizo. Kupanda kunamtesa, kwa hiyo anatembea sehemu kubwa. Akigeuka kurudi nyumbani, njia inateremka, pumzi zimerudi, na anaachia miguu.

Hapo ndipo muundi unapoumizwa. Kupanda ni kazi ya mapafu na misuli, na mguu hutua kwa upole kwa sababu ardhi inaufuata juu. Kuteremka ni kazi ya kufunga breki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Jinger Gottschall na Rodger Kram waliwapima wakimbiaji kwenye mashine iliyoinamishwa. Katika mteremko wa nyuzi 9, yaani ardhi inayoshuka karibu mita 16 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, kilele cha nguvu ya kishindo kilipanda kwa asilimia 54 kikilinganishwa na ardhi tambarare, na nguvu ya breki kwa asilimia 73. Barabara kuu za Lushoto kwa kawaida hazina mteremko mkali kiasi hicho kwa urefu mrefu, lakini vijia vya mkato vinavyokata kona za barabara vinaufikia na kuupita. Misuli ya mbele ya ugoko nayo, ile inayoinua wayo, hufanya kazi ya kuushusha wayo taratibu usipige chini kama kofi. Katika mteremko kazi hiyo huongezeka, na ndiyo sababu baadhi ya watu huumwa upande wa nje na mbele ya ugoko badala ya ule wa ndani.

Mgeni huwatazama wenyeji na kuchanganyikiwa. Mama wa Kisambaa hushuka kutoka shambani na tenga la karoti au kabichi kichwani, kwenye njia ambayo mgeni angeishuka kwa makalio, na goko zake hazilalamiki. Ameanza utotoni, na mifupa yake imejengwa kwa mzigo huo polepole kwa miaka. Tena anatembea. Katika kutembea daima kuna mguu mmoja chini, na nguvu ya kutua huzidi uzito wa mwili kwa kiasi kidogo tu. Katika mbio mwili hupaa kidogo kisha hudondoka. Kijana wa Lushoto aliyepanda na kushuka milima maisha yake yote akianza kukimbia kwa fujo, naye anaweza kuumwa ugoko. Atachelewa kidogo tu kuliko mgeni.

Njia zenyewe zina tabia zake. Vijia kati ya matuta ya maharage ni vyembamba, na mtu hulazimika kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama anayetembea juu ya kamba. Mkao huo huongeza kupinda kwa muundi kwenye ukingo wa ndani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza. Mkimbiaji hukaza misuli yote ya mguu ili asianguke, na shavu la mguu likichoka mfupa hubaki bila msaidizi. Watu hupenda kusema udongo ni laini kwa hiyo ni salama kuliko lami. Udongo mkavu uliokanyagwa na bodaboda mwaka mzima haupishani sana na lami, na udongo wenye matope una hatari yake. Uwanja wa mpira wa shule, wenye majani, tambarare, ni bora kuliko vyote viwili, ingawa kuuzunguka mara ishirini kunachosha akili. Huko ni vyema kubadili upande wa kuzungukia, ili mguu uleule usibaki wa ndani kila siku.

Kabla ya kutibu ni lazima kujua kama kweli ni maumivu haya ya kawaida. Ugoko unaweza kuuma kwa sababu nyingine, na baadhi hazivumilii kubahatisha. Ufa wa mfupa ndio wa kwanza kufikiriwa. Dalili yake ni maumivu ya nukta moja inayoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, yanayozidi kila hatua, yanayouma hata mtu akiwa amelala, na pengine uvimbe mdogo juu ya mfupa. Anayeshindwa kuruka mara chache kwa mguu huo mmoja bila kukunja uso hana ruhusa ya kukimbia mpaka apimwe. Eksirei ya wiki mbili au tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani wakiamini wamepona kwa kuwa picha ni safi. Kipimo kinachouona ufa mapema ni MRI, nacho hakipatikani katika hospitali za wilaya. Mgonjwa atalazimika kuelekea hospitali kubwa kama KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Kwa asiyeweza kusafiri, daktari mwenye busara huamua kumchukulia kama mwenye ufa, humpumzisha kwenye mbio wiki sita hadi nane, kisha humpiga picha upya. Ufa ulio upande wa mbele kabisa wa muundi ni mkaidi zaidi, huunga kwa shida na unaweza kugeuka kuvunjika kamili. Huo ni wa daktari wa mifupa moja kwa moja.

Kuna maumivu mengine ambayo huja baada ya dakika zilezile kila mara, kwa mfano dakika ya kumi, ugoko ukikaza kama umefungwa mpira, wayo ukipata ganzi, halafu kila kitu hutoweka robo saa baada ya kusimama. Hapo misuli imevimba ndani ya mfuko wake na kubana mishipa. Mguu mmoja wote uliovimba, wenye joto na unaouma kwenye shavu unaweza kuwa na damu iliyoganda katika mshipa, na huo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Kwa watoto na vijana, maumivu ya mfupa pamoja na homa huashiria maambukizi ndani ya mfupa. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na kijana mwenye maumivu ya miundi yanayorudirudi, hasa akipata baridi au akikosa maji ya kutosha, apimwe damu kabla ya kulaumiwa raba zake. Baridi ya Juni hadi Agosti katika Usambara si ya mzaha.

Ikiwa hakuna lolote kati ya hayo, tiba ya kwanza ni kupunguza mzigo. Kulala kitandani hakuhitajiki. Mfupa unahitaji kazi ili ujijenge, ila kazi isiyozidi uwezo wake. Mbio husimamishwa, na kutembea huendelea maadamu hakuumi. Kupanda mlima kwa kutembea kunafaa mno hapa: kunachosha moyo na mapafu kama mbio za tambarare, na muundi haupigwi. Wenye baiskeli waendeshe. Wengi huhitaji wiki mbili hadi sita kabla ugoko haujanyamaza ukibonyezwa, na waliovumilia kwa miezi wakiendelea kukimbia huhitaji miezi kupona. Ubaridi hutuliza maumivu kwa muda. Barafu si lazima. Maji ya mto wa mlimani, au taulo iliyochovywa kwenye maji ya bomba ya Lushoto asubuhi, hufanya kazi hiyo kwa dakika kumi na tano. Kuchua shavu la mguu kwa mafuta kunaleta faraja. Kuusugua mfupa wenyewe kwa nguvu mpaka mtu atokwe machozi hakuna faida yoyote, hata kama mchuaji anasifiwa kijiji kizima.

Vidonge ndivyo vinavyoharibu zaidi. Diklofenaki hununuliwa dukani kwa bei ndogo, humezwa kabla ya kukimbia, na mtu hukimbia juu ya mfupa unaopiga kelele asiyoisikia. Dawa za jamii hiyo pia huumiza tumbo na figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa maji. Parasetamoli usiku, ili kulala, haina neno. Dawa yoyote inayomezwa ili kuwezesha mbio imekosea njia.

Tatizo hapa ni la heshima zaidi kuliko la tiba. Katika nchi ambayo simulizi ya mbio inayojulikana kuliko zote ni ile ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, akamaliza wa mwisho giza likiwa limeingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, kuvumilia huonekana ndiyo sifa ya mkimbiaji. Akhwari alikuwa mkimbiaji aliyekomaa, aliyeumia mara moja, katika mbio moja, akiwa na sababu ya kumaliza. Mkimbiaji mpya anayechechemea kila asubuhi kwenye njia ya Magamba hana jukwaa la Olimpiki linalomsubiri. Kesho ipo, na wiki ijayo ipo.

Wakati wa kupumzika ndio wakati wa kuimarisha misuli inayoukinga mfupa. Zoezi kuu ni la kusimama kwenye ukingo wa ngazi au jiwe, kisigino kikiwa hewani, na kujiinua kwa vidole polepole kisha kujishusha polepole zaidi. Lifanywe goti likiwa limenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani wa shavu la mguu, ambao ndio jirani hasa wa mahali panapouma, hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Aanze kwa miguu yote miwili. Anayeweza kujiinua mara 25 kwa mguu mmoja bila kuyumba yuko pazuri. Kwa misuli ya mbele, mtu huegemea ukuta kwa mgongo, visigino vikiwa mbele kidogo, na kuinua vidole vya miguu mpaka ugoko uwake moto. Vyote viwili huchukua dakika kumi, mara tatu kwa wiki.

Raba zina nafasi yake, ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Nyingi za Lushoto ni za mitumba kutoka gulioni, na hapo kuna bahati nzuri na mbaya. Zinazofaa hutambuliwa kwa kuziweka juu ya meza na kuzitazama kwa nyuma: kisigino kilicholala upande mmoja kimekwisha. Soli ikibonyezwa kwa kidole gumba inapaswa kurudi. Iliyokakamaa kama ubao povu lake limekufa, hata kama kitambaa cha juu kinang'aa. Raba za kukimbilia kwa kawaida huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, na za mitumba zimekwisha kula sehemu ya hizo katika nchi nyingine. Kukimbia peku au na yeboyebo kwa sababu tu mabingwa fulani walikua hivyo ni haraka isiyo na maana kwa mtu aliyevaa viatu tangu darasa la kwanza. Akitaka aanze kwa dakika tano uwanjani.

Chakula hakisemwi sana lakini mfupa hujengwa kwacho. Anayekimbia ili apunguze mwili na wakati huohuo akila mlo mmoja kwa siku anaunyima muundi vifaa vya ujenzi. Usambara haina sababu ya njaa hiyo: maharage yapo, maziwa yapo, mboga za majani zipo, na dagaa hutafunwa pamoja na mifupa yao yenye kalisi. Mwanamke aliyeanza mazoezi kisha hedhi ikakoma au kupitiliza miezi, huku si mjamzito, amwone daktari. Ni ishara kwamba mwili umeishiwa nishati, na mifupa yake iko katika hatari kubwa ya kupata ufa.

Kurudi kwenye mbio huanza pale ambapo mtu anatembea nusu saa kwa haraka siku kadhaa bila ugoko kulalamika, na kidole gumba kinapita ukingoni bila kushtuka. Siku ya kwanza ni dakika moja ya mbio na mbili za kutembea, mara nane au kumi, uwanjani. Kesho yake hakuna mbio. Asubuhi hiyo ya mapumziko ndiyo kipimo: ugoko ukiamka kama ulivyolala, mara inayofuata dakika za mbio huongezwa kidogo, ukiamka na maumivu, hatua moja nyuma. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa miezi miwili ya mwanzo. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mguu ukitua chini ya mwili badala ya mbele yake, kwa kuwa hatua ndefu ndiyo breki kubwa zaidi. Anayehesabu hatua zake kwa dakika na kuziongeza kwa sehemu moja ya kumi, bila kuongeza kasi, huupunguzia muundi mzigo hapohapo.

Mlima hurudishwa kwa mpangilio wa kinyume na mazoea. Baada ya tambarare huja kupanda. Mkimbiaji hupanda njia ya Magamba au Irente kwa mbio za pole, akichoka anatembea, na akifika alipokusudia, hateremki kwa mbio. Hutembea, au, kama ana haraka ya kazini, hupanda bodaboda. Madereva huwashangaa watu wenye jasho wanaolipa nauli ya kuteremka mlima walioupanda kwa miguu yao wenyewe, lakini nauli hiyo ni ndogo kuliko ya kwenda KCMC.

Mteremko huja mwisho, ugoko ukiwa umekaa kimya kwa wiki nne au zaidi. Unaanzia kwenye sehemu za kushuka polepole, kama vipande vya barabara ya lami kuelekea Soni, mapema asubuhi kabla mabasi hayajaanza kushuka Mombo, kwa dakika mbili au tatu tu, mtu akiwa bado hajachoka. Magoti hukunjwa kidogo, kifua hakiegemezwi nyuma, hatua hufupishwa zaidi ya tambarare. Vijia vya mkato vinabaki vya kutembea kwa mwaka wa kwanza wote.